Nilivyompata muuzaji wa karavani ninayemwamini, na fundi wake

Karavani yangu ya kwanza, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, niliinunua kwa macho. Ilikuwa imeegeshwa mbele ya ofisi ya muuzaji, imesuguliwa hadi inang'aa, taa za ndani zinawaka mchana kweupe, nami nikalipa bila hata kuuliza gereji iko wapi. Muuzaji alinieleza kwamba nikiileta kwake kila mwaka, kitabu cha sevisi kitagongwa mhuri na dhamana ya kiwanda dhidi ya maji kupenya itaendelea kuwa hai. Alisema kweli, kwani viwanda vingi huisitisha dhamana hiyo ukaguzi wa mwaka unaporukwa. Mhuri niliupata, ukaguzi ndio sikuupata.

Nililijua hilo kwa sababu ya nyigu. Siku ya pili baada ya kuichukua kutoka kwenye sevisi, niliinama kupima upepo wa matairi, nikaona ndani ya rimu kiota cha udongo mkavu kimefunika nati mbili za gurudumu. Gurudumu hilo halingeweza kutolewa bila kiota kuvunjika, ilhali karatasi niliyokabidhiwa ilionyesha alama ya vema mbele ya neno "breki". Nilipompigia simu muuzaji alisema mafundi walikuwa na kazi nyingi, akanikaribisha kuirudisha. Sikuirudisha.

Safari hii nilianza na gereji, si na magari ya maonyesho. Nilikwenda kwa wauzaji watatu, nikawauliza wote mambo yale yale: kama ninaweza kuona mahali kazi inapofanyika, nani ana cheti cha kushughulikia gesi, sevisi kamili ya karavani yenye ekseli moja huchukua muda gani, na kama wanaweza kunionyesha ripoti waliyomwandikia mteja mwingine, jina likiwa limefichwa. Wa kwanza alisema wateja hawaruhusiwi gereji kwa sababu za usalama, jambo ambalo lingeeleweka kama angalau angenisogeza hadi mlangoni. Wa pili aliniambia kazi yote humalizika kwa saa moja. Wa tatu alikuwa mbali zaidi na ofisi yake haikuwa na mvuto wowote, lakini alisema saa tatu au zaidi, kisha akamwita fundi wake mkuu aje azungumze nami.

Nilipompelekea karavani, fundi huyo aliniita kabla hajagusa kitu kingine. "Ndugu yangu, njoo uone mwenyewe," alisema, akautoa mto wa kona ya mbele na kukandamiza ncha mbili za kipima unyevu ukutani. Katikati ya ukuta kipimo kilisoma asilimia 12, alipokaribia dirisha kikapanda hadi 16, na pale kona kabisa, chini ya reli ya alumini ya nje, kikafika 27. Alinieleza kwamba chini ya 15 hakuna shaka, kati ya 15 na 20 ni pa kuangaliwa tena, na zaidi ya hapo maji yanaingia mahali fulani. Kwa mkono sikuhisi chochote. Ukuta ulikuwa mkavu na rangi yake safi. Gundi ya kuzibia chini ya ile reli ndiyo iliyokuwa imekauka na kupasuka, na bila shaka mwaka uliotangulia ilikuwa imeanza kuachia.

Tulikubaliana kwa maandishi mambo machache. Vipimo vya unyevu vichorwe kwenye ramani ya karavani, namba kwa namba, ili mwaka unaofuata vilinganishwe. Kazi yoyote nje ya sevisi isianze kabla sijapigiwa simu. Mpira wa gesi, ambao una tarehe iliyochapwa juu yake, ubadilishwe ukiwa umechakaa au umepitiliza muda, na kengele ya hewa ya monoksidi ya kaboni ijaribiwe mbele yangu. Matairi niliyakagua mwenyewe: tarakimu nne pembeni mwa tairi hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, na yangu, ingawa yalikuwa na kashata nzuri, yalikuwa yamepita miaka 7. Karavani husimama zaidi ya inavyotembea, kwa hiyo tairi lake huzeeka kabla ya kulika.

Ombi langu la mwisho lilimchekesha. Katika ekseli nyingi za karavani za siku hizi, nati kubwa inayoshika dramu ya breki hutumika mara moja tu. Dramu ikifunguliwa, nati hutupwa na kufungwa mpya. Nilimwomba anitunzie zile za zamani. Jioni alinikabidhi ripoti ya kurasa nne pamoja na kifuko cha nailoni chenye nati mbili zilizojaa grisi.

Sasa ninaweka miadi wakati msimu wa safari umekwisha, foleni ikiwa fupi na fundi akiwa hana haraka. Nikiondoka pale huendesha kilomita 50 hivi, nasimama pembeni, na kwa spana yenye kipimo cha nguvu nazikaza upya nati za magurudumu, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa msalaba kama alivyonionyesha.