Siku moja ya mtunza stoo ya uji, Uyole

Saa 12:30 asubuhi stoo inafunguliwa na mizani inarudishwa kwenye sifuri. Juni hii baridi ya Mbeya inauma. Watoto wa darasa la awali wanauwahi uji wa shule kuliko kengele.

Saa 2:00. Waliohudhuria ni 79. Kila mtoto gramu 40 za unga na 10 za sukari, kwa hiyo zinatoka kilo 3.16 za unga na gramu 790 za sukari. Hiyo 79 naiandika kwenye hati ya kutolea vitu, leja na daftari la chakula, wakati mwalimu ameshaiandika kwenye mahudhurio.

Saa 4:00 ndipo hesabu inapoharibika. Vikombe vimetoka 83! Wanne wamechelewa, wanatembea kutoka mbali, na mpishi hawezi kumnyima mtoto uji. Ameongeza maji kidogo, unga ni uleule. Lakini mahudhurio yamefungwa na hati imesainiwa. Mkaguzi akikuta 79 huku na 83 kule, mwalimu na mpishi ndio wanaoulizwa, nami natakiwa niwe na maandishi ya kuwatetea. Wanaodhani kazi hii ni kushika funguo hawajawahi kusimama mbele ya mkaguzi.

Simu kutoka ofisi ya juu: wanataka idadi ya watoto kwa jinsi na umri kabla ya saa 8. Ijumaa walipelekewa idadi hiyohiyo kwa fomu nyingine. Basi ni kurudi kwenye rejista, jina kwa jina, me, ke, miaka minne, mitano. Katikati ya kuhesabu, mzazi anafika na gunia la mahindi ya mchango. Naing'ata punje: bado laini. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 16 yakikauka hadi 13.5, kila kilo 100 hupungua karibu kilo 3 bila mtu kuchota. Leja haina safu ya kukauka, wala ya pumba yakikobolewa. Namwomba mama ayaanike kwanza, tupime yakiwa makavu. Kisha naanza upya kuhesabu majina.

Karatasi moja kwa siku ingetosha: waliohudhuria, vikombe, unga uliotoka, salio, sahihi mbili. Mahudhurio yafungwe baada ya uji. Rejista itenganishe me na ke tangu Januari. Leja ichukue jumla kila Ijumaa.

Jioni mizani inasema kilo 41.2, leja 41.5. Imebaki hati ya maelezo ya hizo gramu 300, nakala tatu.