Siku moja ya kocha wa skramu

Saa 11 alfajiri magoti huamka kabla yangu. Nilicheza raga nikivaa jezi namba 3 kwa miaka 14. Hiyo ni ya propu, mmoja wa wawili wa pembeni kwenye mstari wa mbele wa skramu, pale wachezaji wanane wa kila timu wanaposhikana na kusukumana na wapinzani. Propu wa namba 3 kichwa chake hubanwa kati ya wapinzani wawili, kwa hiyo mabega yote mawili hubeba mzigo. Shingo yangu haijasahau.

Saa 12 niko kiwanjani napanga koni na kukagua mashine ya skramu. Kuanzia saa 3 ni video ya mechi. Anayedhani ukocha ni firimbi na kelele hajaona mtu akirudia sekunde 6 za skramu moja mara 20, akitafuta kwa nini nyonga za propu wake zilipanda juu kuliko mabega.

Saa 8 mchana akaja mzazi.

Mwanawe ana miaka 17, ndiye namba 3 wetu. Jumamosi aligongwa kichwa, akainuka akiyumba, nikamtoa. Leo ni Jumatano.

“Kocha, mtoto anakula, anacheka, anasoma. Hana kitu.”

“Mzee wangu, anatakiwa akae nje ya mechi siku 21 kwa uchache. Zimepita 4.”

Akakaa. Akaeleza kwamba Jumamosi hii watakuja watu wa klabu kubwa kuangalia vijana. Hilo liliniuma, maana hata mimi nilichukuliwa kwa kutazamwa mara moja tu. Akazunguka, akarudi palepale, akasema ataenda kwa viongozi. Mwisho akaniuliza, “Kwani nyinyi enzi zenu mlichezaje?”

Nikamwambia ukweli. Niligongwa fainali moja, nikamwagiwa maji, nikarudi uwanjani. Kipindi cha pili chote sina kumbukumbu nacho. Nimesimuliwa tu kwamba nilicheza vizuri.

Hakujibu, lakini hakuondoka pia. Ilipita saa nzima na ushee. Nilipostaafu nilidhani nahamia upande mwepesi; kumbe mchezaji huuweka rehani mwili wake mwenyewe, na kocha amekabidhiwa shingo za watoto wa watu.

Na uamuzi huo una gharama. Nina mapropu watatu waliofunzwa, bila yeye wawili. Mmoja wao akiumia, refa ataamuru skramu za kutosukumana, na skramu ndiyo nguvu yetu. Najua hivyo, na bado ni hapana.

Mazoezi yakaanza nikiwa tayari nimechoka. Kijana atakayeshika nafasi yake anaporomoka kila anapoingia. Inama, shika, ingia. Macho juu, kidevu kisiguse kifua, mgongo unyooke. Tena. Kwa umri wao hawaruhusiwi kusukuma zaidi ya mita 1.5, kwa hiyo ubabe hausaidii, mkao ndio kila kitu. Tena. Nikapiga magoti kwenye nyasi nikamshika nyonga kwa mikono yangu, magoti yakalia, nikabaki hapo hapo. Giza lilikuwa linaingia pale aliyeumia, ambaye alisimama nje ya mstari muda wote, alipomwita mwenzake: “Rudisha mguu wa kulia kidogo.”

Akaurudisha. Skramu ikasimama, imara, wote wanane kama kitu kimoja.

Sijui nilifika nyumbani saa ngapi. Nilikuwa sijavua viatu simu ilipoita. Yule baba wa mchana. Nikakaa chini, nikapokea.