Jinsi "Paukwa" Ilivyonisitiri Katika Chekechea ya Changsha

Kabla sijasafiri kwenda China mwaka 2018 nilipewa ushauri mwingi, na karibu wote ulitoka kwa watu ambao hawajawahi kufungiwa chumba kimoja na watoto 25 wa miaka mitatu. Wakala aliyenitafutia kazi alisisitiza kwamba mwalimu mgeni kule ni mchekeshaji: aruke, apige kelele, avae pua nyekundu ikibidi, na Kiingereza kitaingia chenyewe. Aliniomba pia, kwa sauti ya chini, nijitambulishe kuwa Mmarekani kwa sababu wazazi hupenda hivyo. Hilo nililikataa papo hapo, kwa kuwa lafudhi yangu ya Tanga isingelivuka hata lango la shule. Habari za viza, kibali cha kazi na kwenda polisi kujiandikisha ndani ya saa 24 baada ya kuwasili sitazisimulia. Zinataka subira na picha nyingi za pasipoti, basi.

Mwaka wa shule huanza Septemba, na nilipoingia katika darasa la wadogo kabisa, ambalo Wachina huliita xiaoban, darasa zima lilikuwa linalia. Walikuwamo walimu wawili wa Kichina pamoja na ayi, mama wa makamo anayewalisha, kuwabadilisha nguo na kuwafuta makamasi, na wote watatu walinitazama kama fundi aliyeitwa kuziba bomba. Nikaruka nilivyoagizwa. Watoto wawili ambao walikuwa bado hawajalia wakaanza, na wa tatu akaingia chini ya meza. Mmoja tu, kijana shupavu, alinijia na kitambaa kibichi, akanisugua mkono kwa bidii, akakikagua kitambaa, kisha akawatangazia wenzake jambo ambalo ayi alinitafsiria kwa ishara: rangi haitoki. Tangu siku hiyo nikawa na rafiki mmoja darasani.

Aibu yangu kubwa, hata hivyo, ilinipata adhuhuri. Chekechea za China zina vitanda vidogo, na baada ya chakula cha mchana watoto hulala kwa muda unaokaribia saa mbili, jambo ambalo mimi niliyezoea kuwaona watoto wa kwetu wakikimbizana juani sikuliamini mpaka nilipoliona. Katika mwezi wangu wa pili kazini nikataka kuonyesha kwamba nimeanza kuishika lugha, nikamwomba mwalimu mwenzangu aniachie zamu ya kuwalaza. Mapazia yameshushwa, watoto wamevuliwa viatu, wengine wanasinzia. Nikasimama katikati nikatamka, kwa upole wa mama mzazi, neno la "kulala", shuijiao. Sikujua kwamba neno hilo hilo, likipandishwa na kushushwa sauti kwa namna nyingine, ni vile visambusa vya kuchemsha vyenye nyama ndani ambavyo kila mtoto wa China anavipenda. Vichwa vikainuka. Nikadhani hawakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi na tabasamu pana zaidi: visambusa! Basi wote 25 wakaketi vitandani, wengine wakateremka kutafuta bakuli, na yule rafiki yangu wa kitambaa akanishika mkono ili nimwonyeshe vilipo. Hakuna aliyelala mchana ule, na ayi alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Baada ya hapo nilijifunza kufunga mdomo na kutazama mikono ya ayi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mtoto hapewi maji ya baridi hata wakati wa joto, bali ya vuguvugu, kila mmoja kwa kikombe chake. Na kwamba kabla ya kukimbia nje mtoto huwekewa taulo dogo mgongoni, ndani ya nguo, ili linyonye jasho, kisha huvutwa shingoni likiwa limelowa na shati likabaki kavu. Changsha iko upande wa kusini, ambako majengo hayana mfumo wa joto wa mji mzima kama Beijing, kwa hiyo baridi yake yenye unyevunyevu huingia mpaka darasani na mtoto huvaa nguo nne kwa mpigo. Ukimwacha na jasho ndani ya nguo hizo, bibi yake atakuuliza langoni jioni, naye hataki mkalimani.

Dawa ya kelele niliipata kwa bahati. Siku moja ya mvua, nikiwa nimekata tamaa, nilijikuta nimeita kama tulivyoitwa na nyanya yetu: "Paukwa!" Wakanyamaza kwa mshangao. Nikajijibu mwenyewe, "Pakawa!", nikarudia mara tatu, na mara ya nne wakaitikia wao. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini lilishika upesi hivyo: pa, ka na wa zote zimo katika Kichina, na silabi za Kichina huishia kwenye irabu au sauti ya puani, ilhali maneno ya Kiingereza yanayokatikia kwenye d au k huwatesa, wakayaongezea irabu mwishoni. Wakishaitikia nilikuwa nina muda wa pumzi mbili tu za utulivu, lakini pumzi mbili zinatosha kuinua picha ya mbuzi na kutaja jina lake.

Ikafika Desemba, mzazi mmoja akauliza katika kundi la darasa la WeChat, programu ya simu ya kutumiana ujumbe, kwamba mwanawe anapiga kelele ya "pakawa" kila akiitwa mezani, nao wamelitafuta neno hilo katika kamusi ya Kiingereza bila kuliona. Mkuu wa shule akaniita. Nilieleza ukweli wote, nikijua kwamba nimeajiriwa kwa Kiingereza na si kwa hadithi za nyanya. Akafikiri, kisha akaniuliza kama linafaa pia kwa watoto wa miaka mitano. Baada ya likizo ya mwaka mpya wa Kichina madarasa mengine mawili yalikuwa yakiitikia, na walimu wao walikuwa wakiita "Paukawa" badala ya "Paukwa"; sikumsahihisha hata mmoja, kwa maana habari ya visambusa ilikuwa bado haijasahauliwa.