Kuhifadhi mbegu za dume la nguruwe katika baridi ya Mbeya

Wafugaji wengi hudhani kwamba mbegu zikiwekwa kwenye jokofu la kawaida hudumu zaidi, lakini mbegu za nguruwe hazivumilii baridi: zikishuka chini ya nyuzijoto 15, utando wa seli huharibika na uwezo wa kutungisha mimba hupotea. Kiwango ninachokilinda ni nyuzijoto 17, na hapa Mbeya, ambako usiku wa Juni na Julai baridi huweza kushuka chini ya nyuzijoto 10, kazi kubwa ni kuzuia chupa zisipoe kupita kiasi.

Nilichagua uhimilishaji, yaani kumpandikizia jike mbegu bila kupandwa na dume, ili madume na majike yasihamishwe kutoka banda hadi banda, kwa kuwa homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba na huenea upesi wanyama wanapokutana. Ninapokusanya mbegu navaa glovu za vinaili, maana za mpira zina kemikali zinazoziua. Ute mzito nauchuja kwa shashi, kisha naangalia tone moja kwenye hadubini. Zikiwa hai na zinakwenda mbele chini ya asilimia 70, namwaga zote. Kimiminika cha kuzimulia, chenye glukosi, sitreti, bikaboneti na kiuavijasumu, nakipasha moto hadi kilingane na mbegu, tofauti isizidi nyuzijoto moja, na hapo sina haraka hata kidogo. Kila chupa ya mililita 80 hadi 100 hubeba mbegu zipatazo bilioni 3.

Chupa huachwa mezani zimefunikwa kwa taulo zipoe taratibu, ndipo ziingie kwenye sanduku lenye kuta nene. Ninazizungushia chupa za maji yaliyokwishafikia nyuzijoto 17, ambayo huzuia joto lisibadilike ghafla, na kipimajoto hukaa katikati yake. Asubuhi na jioni nazigeuza polepole kwa mkono, kwa sababu mbegu hutuama chini na kulundikana.

Zikitunzwa hivyo, nazitumia ndani ya siku 3. Jirani akinipigia simu kwamba jike lake limesimama, yaani limekubali kupandwa, nami nimebaki na chupa za siku ya nne, simpi. Namwomba avute subira hadi kesho asubuhi nikusanye mpya, kwa kuwa joto la jike, yaani kipindi cha kuhitaji dume, huchukua siku 2 hadi 3.