Opera kwenye filamu fupi za masuala ya jamii: ninavyoichagua, ninavyoirekodi na ninavyoihariri

Wengi huchukua opera kwa sababu inasikika ya huzuni. Mimi huanza kwa kuuliza: anayeimba ni nani, na yamempata yapi? Opera ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa, na kila aria, yaani wimbo wa mhusika mmoja ndani yake, ina mwenyewe na kisa chake. Kwa filamu ya ndoa za utotoni natafuta kwenye Madama Butterfly ya Puccini (1904), maana Cio-Cio-San anaolewa akiwa na miaka 15. Kwa habari za mahabusu iko "Lascia ch'io pianga", kwenye Rinaldo ya Handel (1711): Almirena ni mateka, naye anaomba aachwe alie na kuutamani uhuru. Kwa wakimbizi iko "Va, pensiero" ya Verdi, inayoimbwa na kwaya ya Waebrania walioko utumwani Babeli. Lakini "La donna è mobile" kaa nayo mbali, isipokuwa kwa kejeli. Anayeiimba ni mtawala mlaghai anayewasema wanawake kwamba hawana msimamo. Ukiiweka juu ya picha ya mwanamke aliyepigwa, umemtukana. Ukiiweka juu ya sura ya aliyempiga, imefika mahali pake.

Siweki aria mahali mtu analia. Huzuni juu ya huzuni hugeuza mateso kuwa pambo. Naiweka kwenye tendo la kawaida: mama anakunja sare ya shule ambayo binti hataivaa tena, anaibana mikunjo kwa kiganja, anafunga sanduku. Hapo wimbo unasema kile ambacho picha imekaa kimya juu yake.

Upande wa hakimiliki kuna vitu viwili, utunzi na rekodi, na hapo ndipo wengi hukwama. Verdi alifariki 1901 na Puccini 1924, kwa hiyo palipo na sheria ya miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, muziki wao uko huru. Rekodi ina mwenyewe mwingine. Marekani iliachia rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 kuanzia tarehe 1 Januari 2022, na za miaka iliyofuata zinaachiwa polepole. Tatizo la rekodi hizo za zamani ni kwamba zilinaswa kwa pembe kubwa ya kukusanya sauti, bila maikrofoni: besi haipo, sauti za juu kabisa hazipo, na mkwaruzo ni mwingi. Zinafaa zikitoka kwenye redio iliyomo ndani ya tukio. Kama muziki wa kubeba filamu nzima, ni nyembamba mno.

Ndiyo maana napendelea kurekodi upya, mwimbaji na piano tu. Natumia nota za toleo la zamani, kwa kuwa toleo jipya lililohaririwa laweza kuwa na ulinzi wake. Maikrofoni naiweka kama mita mbili kutoka kwa mwimbaji. Ikisogea karibu zaidi, noti ya juu ya soprano, yaani mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, hupasua sauti, na sauti iliyopasuka haitengenezeki. Kabla ya kuanza namwomba aimbe kile kipande chenye nguvu kuliko vyote, nami nashusha kiwango mpaka kilele kiishie -12 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti). Rekodi iwe ya biti 24, 48 kHz. Chukua pia nusu dakika ya ukimya wa chumba, utaihitaji kuziba mapengo. Mkataba usainiwe siku hiyohiyo, utaje wimbo, matamasha ya filamu, intaneti na muda wa matumizi.

Kwenye kuhariri, usikate kwa mapigo. Mwimbaji wa opera huvuta na kuachia mwendo anavyotaka, kwa hiyo kata pale anapovuta pumzi, na pumzi yenyewe ibaki upande wa kipande kinachoanza. Kwa filamu ya dakika kumi, sekunde 40 hadi 60 zinatosha.

Mazungumzo na uimbaji havikai pamoja. Sauti iliyofunzwa kwa opera ina nguvu nyingi karibu na hezi 3,000, kwenye eneo lilelile linalotufanya tusikie vizuri konsonanti za msemaji. Kupunguza eneo hilo kwa ekwalaiza (kirekebishi cha sauti za juu na za chini) kunamfanya mwimbaji asikike kama yuko nyuma ya blanketi, na maneno bado hayasikiki. Afadhali piano ianze peke yake chini ya mazungumzo, mwimbaji aingie baada ya neno la mwisho. Ikishindikana kabisa, shusha muziki kama 15 dB.

Vipande vya chinichini hupotea kwenye simu. Vipandishe kwa mkono, mstari kwa mstari. Kompresa, kifaa cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, itavuta juu pumzi na mngurumo wa chumba. Kwa mtandaoni namalizia karibu na -14 LUFS (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti unaosikika), kilele kisizidi -1 dB.

Filamu ikishapandishwa, mfumo wa kutambua muziki unaweza kudai kwamba rekodi yako ni ya kampuni fulani, kwa sababu tu utunzi ni uleule. Jibu kwa jina la mtunzi, mwaka aliofariki, na nakala ya mkataba wa mwimbaji. Viweke vitatu hivyo kwenye folda moja na faili la filamu.