Kaimati na Kashata: kumbukumbu za paka wangu wawili tangu watoke kwa mlezi wao

Haya nilikuwa nayaandika nyuma ya daftari langu la kofia ninazoshona, mbele hesabu za nyuzi na wateja, nyuma paka, sasa kurasa zimekwisha nimeona niyaweke mahala pamoja yasipotee.

Kabla hawajaja

Hapa kwetu Amu, mji wa Lamu, paka hatafutwi. Ukishuka asubuhi pale sokoni kando ya ngome wakati samaki wanapasuliwa utawakuta wamekaa wanasubiri, kila mmoja na mahala pake, wale wembamba wenye miguu mirefu ambao wageni huja kuwapiga picha. Kwa hivo nilipomwambia mama kwamba nimepeleka maombi ya kuchukua paka Shela, kijiji cha jirani, aliniangalia akasema, "Maombi? Ya paka? Mwanangu, walioko hapa mlangoni wana kasoro gani?"

Siku hiyo sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Tangu mdogo nawalisha paka wa mlangoni na tangu mdogo nawaona wanazaa, mara mbili mara tatu kwa mwaka, wanne, watano, alafu baada ya mwezi ukihesabu amebaki mmoja na macho yameganda usaha, nasi tunasema masikini, tunamwekea kichwa cha samaki basi. Nilitaka safari hii niwafanyie vizuri tangu mwanzo mpaka mwisho.

Hawa wa Shela wanatoka kwa kikundi cha watu wachache tu, hawana jengo wala banda, kila mtoto wa paka anayeokotwa anakaa nyumbani kwa mtu mpaka awe tayari na huyo mtu ndio wanamwita mlezi. Mlezi ananyonyesha, anatibu, anawazoesha mikono ya watu na kelele za nyumba, kisha ndio anatafutiwa mtu wa kuwachukua. Na hawatoi hivi hivi. Nliulizwa maswali mengi: nani yuko nyumbani mchana, nikisafiri anabaki na nani, kuna sumu ya panya ndani, mama na bibi wamekubali au nimeamua peke yangu. Nilitaka mmoja, wakasema hawa wawili ni ndugu wamekua pamoja, mtoto wa paka akiwa peke yake anakosa wa kuchezanae wa kumfunza asing'ate sana, chukua wawili. Nikakubali.

Alafu yule mlezi akaja kuiona nyumba. Mimi nilikuwa nimefagia, nimetandika mkeka, nimeweka beseni la mchanga, nimejiona tayari. Hakuangalia hata kimoja. Akaenda moja kwa moja chooni akasimama mbele ya birika. Birika letu, hodhi la maji, ni la kizamani, la chokaa, kina chake kinanifika kifuani na kuta zimepigwa lipu laini. "Huyu akitumbukia humu hapandi," akasema. Nimezaliwa nyumba hii, nimechota maji humo maisha yangu yote na sikuwahi kuliona birika kwa jicho hilo. Seremala wa jirani alitengeneza mfuniko wa mbao kwa siku mbili, na bibi anasema hata mbu wamepungua.

Daftari la mlezi

Hili naliandika peke yake kwa sababu ndilo lililonibadilisha. Siku ya kuwachukua nilipewa kurasa zilizopigwa fotokopi, maandishi ya mkono, tangu siku walipookotwa kwenye boksi nyuma ya duka. Walikuwa watatu, macho ndio kwanza yamefunguka kwa hivo kama wiki mbili hivi, mkubwa gramu 230. Wanalishwa kila baada ya saa tatu nne mchana na usiku kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maziwa maalumu ya watoto wa paka, sio ya ng'ombe, maana ya ng'ombe yanawaharisha na mtoto wa ukubwa ule akiharisha siku moja anaweza kukauka akafa. Analishwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mamake, ukimlaza chali maziwa yanaingia mapafuni. Akishiba unampangusa chini kwa kitambaa cha uvuguvugu ndio akojoe, hawezi mwenyewe umri ule, ile ni kazi ya ulimi wa mama.

Kuna mstari mmoja nimeusoma mara nyingi. "Saa nane usiku. Stima imekatika. Chupa ya maji moto ndani ya leso. Kaimati ml 8. Kashata ml 6, kakojoa. Mdogo hataki." Ukurasa unaofuata mdogo hayumo tena kwenye orodha, mlezi hakuandika kitu, ameacha nafasi ya mstari mmoja tupu.

Majina alishawapa yeye sikuyabadilisha. Kaimati ni dume, rangi yake ile ya kaimati zikitoka kwenye mafuta. Kashata ni jike wa rangi tatu, na nilijifunza hapo kwamba wa rangi tatu karibu wote ni majike na wa rangi ya chungwa wengi wao ni madume, rangi hiyo inafuata jinsia.

Siku ya 1

Wiki kumi za umri. Kaimati gramu 960, Kashata 840, mizani ya jikoni. Dawa ya minyoo wameshapewa, chanjo ya kwanza pia, na cheti ninacho. Tulirudi na boti kutoka Shela, wako ndani ya kikapu nimefunga leso juu, leso yenyewe ni ya mlezi ndiyo waliyokuwa wakilalia, akasema nisiifue kwanza, waache wanuse kwao. Nahodha alisikia mlio akazima redio, safari nzima akaenda polepole, Mungu amjaze kheri.

Siku ya 2 mpaka ya 9

Chumba kimoja tu, mlango umefungwa. Wote mvunguni. Nilikuwa naingia na kofia yangu nakaa chini nashona bila kuwaangalia, siwashiki, sivuti mtu. Bibi alitaka waitwe, akasimama mlangoni, "Ndoo, ndoo mwanangu," hakuna aliyetoka. Siku ya tatu Kaimati akanusa kidole cha mguu. Kashata siku ya nane.

Viatu vyote vinabaki dakani, pale mlangoni. Kuna ugonjwa wa panlukopenia unaoua watoto wa paka kwa kuhara na kutapika, virusi vyake vinakaa mahala miezi na vinaweza kuingia na kiatu tu, na vichochoro vyetu si unavijua. Mpaka chanjo zote ziishe hakuna kutoka hakuna kukutana na paka wa nje. Chooni wanatumia mchanga mkavu nimechanganya na maranda ya seremala, umewakubali siku ya kwanza, alhamdulillah.

Siku ya 17

Chanjo ya pili, na ya kichaa cha mbwa pamoja kwa sababu wametimiza miezi mitatu. Kashata alilala siku nzima, kesho yake mzima.

Chakula: samaki wa kuchemshwa bila chumvi, miba nimetoa yote kwa mkono, na chakula chao cha dukani. Mama alikuwa anawatilia mchuzi kwenye sahani yao kwa mapenzi tu, ikabidi nimweleze kwamba kitunguu maji na thomu (kitunguu saumu) zinaharibu damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Samaki mbichi kila siku pia hapana. Na vile vidonge vya paracetamol kwenye kopo la dawa la bibi nimevipandisha kidakani juu kabisa, kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Siku ya 26. Uzi.

Hii naiandika mikono bado haijatulia.

Mimi kazi yangu ni kofia za vito, nyuzi ziko kila mahala. Nilikwenda kuswali adhuhuri nikaacha kibweta wazi, niliporudi Kaimati amekaa katikati ya mkeka anameza meza mate, mdomoni umetoka uzi mweupe kama urefu wa shibiri. Mama alikuwa karibu akanyoosha mkono auvute. Nikapiga kelele, Mama usivute! Nashukuru nililijua hilo, liko kwenye karatasi za mlezi limepigwa mstari chini mara mbili. Uzi ukishanasa mahala, mara nyingi chini ya ulimi, na mwisho wa pili umeingia tumboni, ukivuta unakuwa kama waya, unakunja matumbo na unaweza kuyakata kabisa. Ukiona mdomoni huvuti, ukiona nyuma huvuti, unamtafuta daktari.

Kwanza nikahesabu sindano. Nilikuwa na saba, zote saba zipo. Alafu nikampigia mlezi, yeye akampigia daktari wa wanyama, akafika baada ya alasiri. Akafungua mdomo akainua ulimi na kidole kwa chini, akasema haukuzunguka, akakata ule wa nje akaacha ulioingia. Akaniambia siku tatu niangalie: akitapika, akiacha kula, tumbo likiwa gumu, ni upasuaji hapo hapo.

Siku tatu hizo nililala chini. Kila akila nilikuwa naandika. Siku ya tatu asubuhi nikaukuta kwenye mchanga, nikaupima, shibiri mbili na zaidi. Nikalia mbele ya beseni la mavi ya paka, mama akanishika bega.

Kibweta sasa kina kufuli. Nashona mlango umefungwa, nikimaliza napapasa mkeka mzima kwa kiganja.

Siku ya 31 na kuendelea

Kaimati kilo 1.4, Kashata 1.2. Nyumba yote yao isipokuwa jikoni. Wanalala kwenye vidaka vya ukutani baina ya sahani za bibi, hawajavunja hata moja.

Kuhusu kufunga kizazi

Niliweka sahihi tangu mwanzo kwamba wote wawili watafungwa kizazi, na hapa ndipo nyumba ilipogawanyika. Bibi alisema mnyama kaumbwa azae, sisi nani wa kumkata. Sikumjibu kwa haraka, bibi hajibiwi kwa haraka. Nikamwendea ustadhi wetu wa madrasa nikamweleza yote. Akasema wako wanavyuoni wanaoruhusu kwa sharti kuwe na maslahi na mnyama asidhuriwe, kisha akanikumbusha ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutia.

Niliporudi nikamhesabia bibi. Paka jike anaweza kushika mimba na miezi minne tu. Mimba ni miezi miwili. Na ndugu hawajuani udugu, Kaimati na Kashata wako chumba kimoja. Bibi akanyamaza sana, kisha akauliza wale watatu wa kwenye boksi, yule wa tatu alikuwa rangi gani. Nikamwambia sijui, haikuandikwa. Akasema haya, wapeleke, lakini mimi ntakuwepo wakiamka.

Siku ya 58

Wamefanyiwa. Kaimati kilo 1.85, Kashata 1.6. Alfajiri niliwapa chakula kidogo kama daktari alivyosema, wadogo hivi hawafungishwi njaa usiku kucha. Bibi alikuwepo kweli, amekaa kwenye kiti cha plastiki na tasbihi, Kashata alipoanza kutingisha kichwa akamfunika na mtandio wake mwenyewe.

Kaimati kesho yake alikuwa anakimbia. Kashata ana nyuzi tumboni na alikuwa anazilamba, nikamshonea kijinguo kwa mkono wa fulana ya babangu, matundu manne ya miguu na kamba mgongoni. Ndani ya saa moja nikampima mara tatu. Kimemkaa.

Siku ya 70

Nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga vizuri. Mlezi alikuja kuwaona, akakaa dakani, Kaimati akamnusa mikono muda mrefu kisha akapanda akalala juu ya mguu wake. Hakusema kitu, alikuwa anamkuna tu nyuma ya sikio.

Ana wengine wanne sasa, wiki tatu, mmoja hali vizuri na usiku hana wa kupokezana naye. Akauliza kama ile leso bado ninayo. Nimeifua maji ya moto mara mbili nimeianika darini juani kutwa. Jumamosi naivusha mwenyewe pamoja na mizani yangu maana ya kwake imeharibika, na ntalala huko, nimemwambia kuanzia saa nane mpaka alfajiri ni zamu yangu.