Usiku niliosema "Bwana anasema hivi"

Ilikua mkesha wa maombi, saa nane usiku hivi, ule mda ambao nusu ya watu wameshaanza kusinzia na wanaoomba wanaomba kwa sauti kubwa ili na wao wasisinzie. Miaka 12 imepita ila hadi leo naweza kukuonyesha mahali nilipokua nimesimama. Nilikua timu ya maombezi, nina miaka 23, moto kwelikweli. Dada mmoja wa kwaya akaomba tumwombee baba yake, amelazwa mbali, figo zimegoma. Tukamzunguka, na mimi nikiwa nimefumba macho nikaona picha, mzee kavaa shati jeupe anatoka kwenye geti la hospitali anatembea mwenyewe, hajashikwa na mtu. Kifua kikapata joto, machozi yakanitoka.

Sa mimi badala ya kukaa nayo kwanza nikachukua maiki.

"Bwana anasema hivi, baba yako atatoka hospitali kwa miguu yake." Watu wakalipuka, yule dada akapiga magoti analia. Paulo aliandika manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue, ipo 1 Wakorintho 14:29, na tulikua tunaijua. Ila usiku ule wa kunena alikuwepo, wa kupambanua hakuwepo, mtu pekee aliyekua macho vizuri ni mpiga kinanda na yeye alichofanya ni kuongeza sauti.

Kesho yake ndo nikajua kwamba yule dada alikua ashapanga kusafiri jumamosi kwenda kumwona baba, na ameahirisha. Alinifata mwenyewe akaniambia kwa furaha kabisa, "Kaka, kama Bwana ameshasema si nitamwona akishatoka, naenda kufanya nini sasa hivi?" Nikamwambia amina. Amina tu. Yani sikumwambia hata nenda ukamsalimie mzee ukae nae kidogo, maana ningesema hivyo ingeonekana neno langu mwenyewe silioni sawasawa.

Siku ya 9 baba akafariki.

Alienda msibani akarudi, ila kwaya hakurudi tena. Na kitu cha ajabu ni kwamba watu walikua wananifariji MIMI, mmoja akasema Bwana ametimiza kwa namna yake, si ametoka hospitali akaenda mbinguni, na mbinguni anatembea kwa miguu yake. Nilijaribu sana kuishika hiyo tafsiri, ikanishinda. Nikifungua Yeremia 23 nakutana na wale manabii wanaonena maono ya mioyo yao wenyewe, nafunga.

Basi nikahama. Wapo wakristo wanaoamini unabii uliisha na mitume, Biblia imekamilika, na mstari wao mkubwa ni Waebrania 1, kwamba Mungu alisema zamani kwa njia nyingi ila mwisho wa siku hizi amesema na sisi katika Mwana. Wenzao wanawajibu kwa Petro siku ya Pentekoste, wana wenu na binti zenu watatabiri, wanauliza hiyo ahadi ilifungwa lini. Ni watu makini pande zote na sina dharau na yeyote. Ila mimi sikuhamia kule kwa kusoma, nilihamia kujificha. Kama Mungu haongei tena basi kosa lile ni la mafundisho tuliyofundishwa wote, sio langu mimi na maiki yangu.

Nilikaa huko miezi kama 6, nasoma sura moja asubuhi, bila muziki, bila joto la kifua, bila chochote, siku nyingine nasoma huku natafuta soksi. Ndo nikafika Mathayo 5, ukileta sadaka yako madhabahuni na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache, uende ukapatane nae kwanza. Mstari nimeusoma mara ngapi sijui. Siku hiyo ukanikaa kama kibanzi kwenye kidole, hauumi sana ila kila unachoshika unausikia.

Nikaanza ujanja. Labda ni dhamiri tu. Nikaomba ishara kama Gideoni na ngozi yake, kwamba yule dada akinitumia meseji kwanza ntajua ni Mungu (atume meseji ya nini jamani, mimi ndo nilimkosea). Nikampelekea swali mzee mmoja wa kanisa, nikaliremba vizuri kitheolojia, nikamuuliza mtu anajuaje kama anaongeleshwa na Mungu au na mawazo yake. Akaniuliza neno lenyewe linasemaje. Nikamwambia. Akasema, "Mwanangu, hiyo imeandikwa nenda. Unasubiri sauti ikuambie nini zaidi?"

Njiani narudi nikamkumbuka Samweli. Tunapenda kumhadithia pale anapoitwa anamkimbilia Eli hadi mara ya tatu, tunaishia "mtumishi wako anasikia". Ujumbe wenyewe hatuufikii. Neno la kwanza kabisa alilopewa yule mtoto lilikua hukumu ya nyumba ya mzee aliyekua anamlea, na Biblia inasema aliogopa kumwambia. Langu mimi nililisema ndani ya dakika mbili na nikashangiliwa. Sisemi kila neno tamu ni feki, Isaya alimpelekea Hezekia neno la kupona na kuongezewa miaka 15 na akapona kweli, ila mimi hata sikujipa usiku mmoja wa kuogopa.

Nilienda kwa yule dada wiki ya tatu. Akanifungulia mlango, akanipa kiti, akakaa mbali. Nikasema yote bila kuremba, kwamba Mungu hakunituma, nilijituma, na ile jumamosi nilimnyang'anya mimi.

Akanyamaza mda mrefu. "Kaka, baba alikua anaumwa, kufa angekufa. Kilichoniuma ni kwamba ungeweza kusema natamani apone, na mimi ningesema amina na bado ningesafiri."

Sikua na jibu.

Baadae akaniuliza kama ile picha niliiona kweli au niliitunga. Nikamwambia niliiona, naapa, mzee, geti, shati jeupe.

"Shati jeupe?"

"Ndio. Mikono mirefu."

Akaniangalia, mdomo ukaanza kumcheza. "Baba alikua fundi gereji miaka yote. Hakuwahi kuvaa shati jeupe hata siku moja, alikua anasema hayo ni mashati ya watu wasiogusa kitu." Akaanza kucheka, akacheka hadi akaziba uso kwa mikono, na mimi nikawa nimekaa pale sijui kama naruhusiwa kucheka na mimi.